JIKO LETU: Intore, mboga tuliyoikimbia utotoni

 

Mwezi huu tuongee juu ya mboga moja ambayo wengi wetu tulipokuwa wadogo hatukutaka hata kuiona kwenye sahani. Warundi tunaiita intore. Watanzania wanaiita nyanya chungu, wengine ngogwe. Kwetu Makamba zilipikwa pamoja na maharage. Sisi watoto tulikula maharage, intore tukaziacha pembeni, na bibi alizila zote huku anacheka. "Mtakuja kuzitafuta," alikuwa anatuambia. Leo nimezipanda mlangoni.

Kwa nini nazileta? Sababu mgao ni unga, maharage au dengu, mafuta na chumvi. Mboga hazimo. Anayezitaka analima mwenyewe au ananunua sokoni. Basi inauma sana mama amehangaika, amepika, halafu mtoto anasukuma bakuli na kula ugali mtupu. Wazazi wengine wanachukua fimbo. Wapendwa, fimbo haifundishi ulimi.

Ulimi wa mtoto unasikia uchungu kuliko wa mtu mzima. Siyo ukaidi. Lakini ulimi unazoea. Wataalamu wa lishe wanasema mtoto anaweza kuhitaji kuonja chakula kipya mara 10, hata 15, ndipo akipende. Sisi tunajaribu mara mbili tu, tunasema "huyu hapendi", basi imekwisha. Mpe kipande kidogo, usimlazimishe, kesho kutwa mpe tena. Na aone wakubwa wanakula. Baba akisema "mimi hizo sili", mtoto amesikia!

Jambo la pili ni mapishi. Uchungu unapungua ukijua kupika.

INTORE ZA KARANGA (watu 6)

Mahitaji:
- Intore changa 12 hadi 15
- Kitunguu 1 na nyanya 3
- Karanga zilizosagwa, vijiko 4 vikubwa
- Mafuta vijiko 3 (ukipata mawese ni vizuri zaidi)
- Chumvi kidogo

Namna ya kupika:
1. Chagua zile changa, nyeupe au za kijani. Zikianza kuwa nyekundu uchungu unazidi na mbegu zinakuwa ngumu.
2. Toa vikonyo, kata kila moja vipande vinne. Loweka kwenye maji ya chumvi dakika 20, kisha mwaga maji hayo.
3. Kaanga kitunguu, tia nyanya mpaka zilainike. Weka intore na maji nusu kikombe. Funika, moto mdogo, dakika 15 hadi 20. Sufuria iliyofunikwa inaokoa kuni, nanyi mnajua shida ya kuni.
4. Koroga karanga na maji ya uvuguvugu, mimina, acha zichemke taratibu dakika 10 huku unakoroga zisishike chini.

Karanga zenye ukungu msitumie, hata mkizikaanga. Sumu yake haiishi kwa moto. Asiye na karanga atie ndagala, au azipike na maharage kama nyumbani.

Kwa mtoto anayekataa, anza hivi: ponda robo ya intore moja ndani ya maharage yake. Juma linalofuata ponda nusu. Baadaye mpe kipande kizima akione. Usimfiche siku zote, maana tunataka aijue mboga na jina lake.

Na kupanda je? Otesha mbegu kwenye kopo au kitalu kidogo. Miche ikiwa na majani matano au sita, hamishia bustanini au kwenye gunia la udongo wenye mbolea. Mwagilia maji uliyooshea mboga. Baada ya miezi miwili mitatu unaanza kuchuma, na ukichuma mara kwa mara mti unaendelea kuzaa. Acha tunda moja liive liwe jekundu, toa mbegu, anika kivulini, mpe na jirani.

Watoto wetu wengi wamezaliwa hapa kambini. Makamba, Ruyigi, Rumonge wanayasikia kama majina tu. Milima hatuwezi kuwaletea. Lakini ladha ya chakula cha kwetu tunaweza kuiweka kwenye sahani yao, kidogo kidogo, mpaka wenyewe waombe waongezewe.

Mwezi ujao tutaongea na ndugu zetu Wakongo juu ya sombe. Mwenye namna yake ya kupika atuletee. Kaeni salama, na Mungu abariki majiko yenu.