Nzi wa Manyoya Si Siri

Wako wenzetu wavuao trauti katika mito ya Elgon ambao, wakifunga nzi wa manyoya, hufunga na mlango. Nami nilikuwa mmoja wao. Mwaka jana kijana wa kidato cha pili aliniuliza kwa nini nzi wake hufumuka majini. Sababu niliijua: hakuupaka uzi nta kabla ya kuuzungusha kwenye ndoana. Nilinyamaza. Tangu siku ile hakuonekana tena mtoni.

Je, ufundi huu tuliupataje? Aelian, mwandishi wa Roma ya kale, alieleza waziwazi jinsi Wamakedonia walivyofunga sufu nyekundu na manyoya mawili ya jogoo juu ya ndoana. Angalificha, tungalijuaje?

Lakini kitabu cha Kiingereza kilichoeleza nzi 12, mwaka 1496, kilipigwa chapa ndani ya kitabu kikubwa makusudi, wasije wavivu wakakinunua na kuuharibu uvuvi. Hata leo wengine husema, "Tukiwafundisha wote, samaki watakwisha."

Hasha! Amalizaye samaki ni yule asiyefundishwa, achukuaye wakubwa kwa wadogo. Mwenye kufundishwa kufunga nzi hufundishwa pia kulowesha mikono kabla ya kumshika samaki mdogo, na kumrudisha majini upesi.

Basi ndugu zangu, nanyi wakubwa wetu mliokwisha maliza shule, fungeni nzi mlango ukiwa wazi. Yule kijana nimekwisha mwita. Nta iko mezani.