Choroko Zichipue, Kisha Zichemke

Na Mwanaisha Kombo Faki

Fedha ya karafuu huja kwa msimu, lakini tumbo la mtoto halina msimu. Wakati wa uchumaji, nyumba nyingi za Pemba hununua samaki na mboga bila kusita. Fedha ikishakwisha, sinia hubaki na wali au muhogo na mchuzi wa kulowanishia tu. Kwa siku hizo nataka tujifunze kuotesha mboga ndani ya nyumba, bila jembe wala samadi. Mboga hiyo ni choroko.

Choroko tunazijua, tunazipika kwa nazi tangu enzi za bibi zetu. Tusilolizoea ni kuziacha zichipue kwanza. Choroko kavu karibu haina vitamini C, lakini ikichipua huanza kuitengeneza, na vitamini hiyo husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika nafaka na kunde. Sukari zinazojaza tumbo gesi nazo hupungua. Tena choroko zilizochipua huiva upesi, na faida hiyo kila anayenunua mkaa anaijua.

Chukua kikombe kimoja cha choroko za kula, si mbegu za kupandia zilizotiwa dawa. Toa mawe na zilizotobolewa, zioshe, kisha ziroweke usiku kucha katika maji yaliyochemshwa yakapoa. Asubuhi yamwage maji, uzitie kwenye chujio au kopo safi lililofunikwa kitambaa chepesi, uliinamishe ili maji yachuruzike, uliweke kivulini. Zisuuze asubuhi na jioni kwa maji kama yale ya mwanzo. Kaskazi inapokaza joto, ongeza na adhuhuri. Siku ya pili au ya tatu mikia imeshatoka, na kikombe kimoja kimekuwa vitatu au zaidi. Zikinuka au zikiteleza, zitupe zote.

Jambo hili si geni nchini. Miaka ya 1980, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilihimiza unga wa kimea: mtama au ulezi uliochipuzwa, ukakaushwa na kusagwa. Kiasi kidogo cha unga huo hulainisha uji mzito, na mtoto mwenye tumbo dogo akapata nguvu zaidi kwa kila kijiko. Ila mtama una sharti lake, kwani machipukizi yake yana sumu ya sayanidi na ni lazima yaondolewe kabla ya kusaga. Ndiyo maana anayejifunza namshauri aanze na choroko.

Choroko nazo zina sharti lake, na hapa nasema kwa mkazo. Joto na unyevu unaozichipuza ndio huohuo unaostawisha vijidudu. Mwaka 2011 nchini Ujerumani, machipukizi yaliyohusishwa na mbegu za uwatu, uwatu huu tunaoujua sote, yalieneza bakteria hatari. Karibu watu 4,000 waliugua na zaidi ya 50 wakafa. Ikiwa hayo yalitokea katika nchi yenye maji safi na majokofu kila nyumba, sisi tuna sababu zaidi ya kujihadhari. Kipindupindu kimeturudia mara nyingi, hata mwaka 2009 shehia zilizokuwa hatarini Unguja na Pemba zikapewa chanjo yake. Kwa hiyo tusizile mbichi, wala tusimpe mtoto mbichi. Zichemke barabara. Sehemu ya vitamini itapotea motoni. Ukishaepua, kamulia ndimu.

Ombi langu ni kwa vituo vya afya na skuli zetu. Siku ya kliniki ya watoto, mama hungoja foleni kwa muda mrefu, na muda huo unatosha kumwonyesha kopo, kitambaa na namna ya kusuuza. Skulini, choroko za siku tatu zitamfundisha mwanafunzi sayansi anayoweza kuipeleka nyumbani jioni hiyohiyo. Gharama yake haihitaji mfadhili.

Lakini tusikae kusubiri semina. Awe Wete, Chake Chake, Mkoani au Micheweni, kila mwenye nyumba na aanze na kikombe kimoja wiki hii. Zikizidi, ampe jirani nusu, na amwambie kabla hajaondoka kwamba ni lazima zichemshwe.