Umeme wa biashara: usilipie giza

Tangu sheria ya Juni 2014 ifungue soko la umeme, Goma haina SNEL peke yake. Kuna Virunga Energies na Nuru pia. Lakini wafanyabiashara wengi huuliza bei tu, na hiyo haitoshi. Mashini ya kusaga ya kilowati 5 ikifanya kazi saa 6 inakula kilowati-saa 30 kwa siku. Saluni ndogo haifiki hapo. Kwa nini wasaini mkataba mmoja?

Anayelipa forfe ya mwezi bila kompteri analipia hata siku za giza. Kompteri huhesabu kilichotumika tu. Mfanyabiashara apige hesabu ya mashini na saa zake kwanza, kisha adai kompteri. Sokoni unga unapimwa; umeme pia upimwe.