Hela ya nyumbani inaishia wapi? Simu yako inaweza kukujibu

Chukua mfano wa mama anayeuza chakula karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro. Abiria wa Dodoma na Iringa ni wengi, na kila jioni anarudi nyumbani na hela. Lakini mtoto akiamka usiku na homa, pochi ni tupu. Inatakiwa nauli ya bodaboda, hela ya vipimo, na ya dawa ambayo kituoni imeisha. Hata mtoto wa chini ya miaka mitano, ambaye sera ya afya inamsamehe gharama katika vituo vya serikali, hafiki kituoni bila nauli.

Hapo ndipo wazazi wengi hukimbilia mkopo wa kwenye simu. Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kilio cha wakopaji kinajulikana: programu inaomba kuona namba zote ulizohifadhi, na ukichelewa kulipa, ndugu na majirani wanatumiwa ujumbe wa kukudhalilisha.

Kinga ya kwanza ni kujua hela inakokwenda kabla homa haijabisha hodi. Zipo programu za kuandika matumizi zinazoitwa programu huria. Maana yake, maelekezo yanayoiendesha programu yamewekwa wazi, na mtaalamu yeyote anaweza kuyakagua aone kama inachungulia yasiyoihusu. Tatu kati ya hizo zinapatikana Play Store na kuanza kuzitumia ni bure.

Oinkoin inamfaa anayeanza. Unachagua fungu, unaandika kiasi, basi. Haihitaji bando wala haina matangazo. Mwisho wa mwezi inakuonyesha kila fungu limekula kiasi gani.

My Expenses inamfaa mwenye hela sehemu nyingi. Unafungua akaunti ya pochi, ya M-Pesa na ya kikoba, kila moja na salio lake. Ukitoa hela kwa wakala, unaandika kuwa imehama kutoka M-Pesa kwenda pochini, haihesabiki kama matumizi. Unaweza pia kuifunga kwa nywila. Ugumu wake ni vitufe vingi, na baadhi ya huduma za ziada zinalipiwa.

Cashew inamfaa anayetaka kujiwekea kikomo. Ukiandika kuwa chakula cha wiki ni shilingi 60,000, itakuonyesha kila siku kimebaki kiasi gani. Inafanya kazi kwenye Android na iPhone. Ukitaka kuhifadhi nakala kwenye akaunti yako ya Google, hapo utahitaji intaneti.

Usiogope Kiingereza kilichomo. Majina ya mafungu unaweza kuyaandika mwenyewe: chakula, shule, nauli, matibabu, makato.

Fungu la makato usilisahau. Wengi huandika unga na mafuta, wakaacha ada za kutuma na kutoa hela, na ndizo zinazowashangaza mwisho wa mwezi. Andika palepale unapolipa, maana ukisubiri usiku utakumbuka nusu.

Kuna tahadhari mbili. Kwanza, soma ruhusa zinazoombwa. Programu ya kuandika matumizi haina sababu ya kusoma namba za ndugu zako, ikiziomba, iache. Pili, hifadhi nakala ya hesabu zako nje ya simu. Simu huibiwa, na programu nazo huachwa. Ivy Wallet, programu huria iliyopendwa na wengi, iliachwa na waanzilishi wake mwaka 2024.

Faida yake inaonekana kwenye hesabu ndogo. Shilingi 1,000 ya kila siku, labda soda na vocha, ni 30,000 kwa mwezi. Kiasi hicho ndicho kaya ya watu sita ilikuwa ikichangia CHF iliyoboreshwa kwa matibabu ya mwaka mzima. Programu haitakukatia hiyo soda. Itakuonyesha tu, na uamuzi ni wako.

Baba na mama wakae pamoja Jumapili jioni, simu mezani, wapitie wiki iliyopita. Lengo lisiwe kumtafuta mkosaji. Swali liwe moja: wiki ijayo, fungu la matibabu litapata kiasi gani? Hata shilingi 2,000 ikitengwa kila wiki, baada ya miezi miwili ni 16,000. Usiku ule mtoto akiamka anaungua, nauli ya bodaboda ipo, na hakuna haja ya kumkopa mtu asiyemjua mwanao.