Msuko Tumeuchukua, Mkeka Tumeupigilia Misumari

Nianze kwa kukiri la kwangu, maana nitakaowasema humu ni pamoja na mimi.

Miaka michache iliyopita waandaaji wa tamasha moja la fasihi jijini Dar es Salaam waliniomba niwatafutie mikeka ya kupambia jukwaa. Walijua natokea Mtwara. "Ile ya asili," walisema, "yenye rangirangi." Nikampigia simu mama mkubwa, anayeishi Msimbati. Akatoa mitatu ambayo tayari alikuwa ameiahidi kwa watu wa harusi, akaikunja, akaifunga kwa kamba ya usumba, ikapanda basi. Pale ukumbini ikapigiliwa misumari ukutani, nyuma ya meza ya wazungumzaji. Wakatajwa washairi, wakatajwa wadhamini, akatajwa hata kijana wa vipaza sauti. Mimi nikaandika ripoti ya tamasha, na humo nikaandika, Mungu anisamehe, kwamba jukwaa lilipambwa kwa mikeka ya asili. Basi. Kama vile mikeka huota.

Ilirudi na matundu. Mama mkubwa akautandaza mmoja uani, akapitisha kidole kwenye tundu, akaniuliza, "Hao wasomi walikalia nini?"

"Viti, mama."

"Sasa mkeka waliutakia nini?"

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku hiyo, na kadiri ninavyosoma tahakiki zetu ndivyo ninavyozidi kuona aibu.

Angalieni neno tunalolipenda kuliko yote. Msuko. Riwaya ina msuko uliolegea, tamthilia ina msuko changamano, hadithi ile imetumia msuko rejea. Mhakiki asiye na neno hili ni kama seremala asiye na nyundo. Nilifundishwa kidato cha tano kwamba msuko ni mpangilio wa matukio katika kazi ya fasihi; nikakariri, nikafaulu. Kusuka ukili nilikuwa nimefundishwa nikiwa na miaka tisa, barazani kwa mama mkubwa, na mwalimu wetu hakuwahi kuuliza kama kuna mtu mle darasani amewahi kusuka kitu chochote. Nusu ya darasa tulitoka pwani! Tungeweza kumweleza mambo. Kwamba chane moja ukiiruka, kosa halionekani pale pale. Linaonekana pima mbili mbele, ua linapoanza kupinda, na hapo huna ujanja, unafumua. Kuna mwandishi wa riwaya asiyeujua uchungu huo?

Niwaambie siku ya mama mkubwa ilivyo, maana nikisema "msanii" najua wengi mtawaza mtu mwenye chumba chake, dirisha kubwa na muziki wa taratibu.

Ukindu ndio unaompangia saa. Asubuhi una unyevu wa umande, unatii vidole. Jua likipanda, upepo wa bahari ukianza, chane zinakauka na kukatika, itabidi kuzinyunyizia maji kila mara. Kwa hiyo yeye husuka alfajiri, sufuria ya mihogo ikiwa jikoni, mgongo kaupa ukuta, ukili unateremka pembeni yake kidogo kidogo na kujikunja kama nyoka aliyeshiba. Haangalii mikono. Anaangalia moto. Akisikia mchemko umebadilika sauti anajua maji yamepungua, anaongeza, anarudi kwenye ukili palepale alipoachia. Nimejaribu kumhoji wakati huo kwa kinasa sauti. Niliporudia kusikiliza nikakuta robo saa nzima ya kuni zinazopasuka na mwanamke anayehesabu kimoyomoyo.

Nazi haigusi mpaka ukili uwekwe pembeni. Hili nilidhani ni mazoea tu, kumbe mafuta ya nazi yakiingia kwenye ukindu yanaacha doa lisilotoka. Basi kwanza ukili, halafu mbuzi. Anakuna, anatia maji ya vuguvugu, anachuja kwa kifumbu, tui la kwanza linawekwa pembeni, la pili linatangulia chunguni. Kifumbu hicho kausuka mwenyewe. Anasema chujio la plastiki linapitisha chicha, na mchuzi wenye chicha ni mchuzi wa mtu mwenye haraka. Pweza hamtii chumvi mpaka alainike. Ming'oko ikipatikana anaichemsha na kuwaita hadi watoto wa jirani, na hapo ndipo anapoonyesha majivuno ya wazi kabisa, anakaa akimtazama kila mmoja usoni anapotafuna. Chakula kikiiva kinafunikwa kwa kawa. Kausuka yeye. Tunakaa kula juu ya mkeka. Kausuka yeye.

Kwa hiyo msiniambie kwamba huyu ni mama wa nyumbani ambaye pia husuka. Mimi nashindwa kuona mahali kusuka kunapoishia na kupika kunapoanzia.

Hata hivyo mhariri mmoja, nilipompelekea makala juu yake, alinirudishia utangulizi akiwa ameupunguza hivi: mama huyu anapenda kusuka na kupika. Anapenda! Na ni kweli anapenda, hilo silibishi, pweza wake ni ushahidi. Ila neno hilo lina kazi mbaya linayofanya. Fundi bomba naye huenda anaipenda kazi yake, lakini hakuna anayemwandika hivyo. Kwa mwanamke kupenda kunageuzwa kuwa malipo. Anapenda, basi haina haja ya kumlipa, anapenda, basi haina haja ya kumtaja, apendaye hachoki. Mkeka wa kitanda cha tano kwa sita unakula zaidi ya pima 30 za ukili, kabla hujaushona, kabla hujautia taraza. Mtu ana haki ya kupenda kitu na bado kikamuuma mgongo.

Najua hoja itakayoletwa, nimeshaletewa. Eti mkeka ni kazi ya mikono, si sanaa, kwa sababu unarudia mitindo ile ile ya bibi na bibi wa bibi, hauna sauti ya mtu mmoja. Hivi wanaosema hivyo wamewahi kusoma utenzi? Ubeti wa mistari minne, kila mstari mizani nane, vina mahali pake, mamia ya beti bila kubadilisha kitu. Mwana Kupona alitunga wake mwaka 1858, kwa bahari iliyokuwa ya kila mtu, akimuusia binti yake namna ya kuishi na ya kutunza nyumba. Hatusemi alirudia ya watu. Tunatunga mitihani juu yake. Ukindu ungekuwa karatasi, mama mkubwa naye angekuwa na wahakiki.

Na hapo hapo Mtwara kuna mfano unaochoma zaidi. Mmakonde akichukua mpingo na patasi, akatoa kinyago, dunia nzima inasema sanaa. Vinyago vimefika makumbusho za Ulaya, pale Mwenge vina soko lake, vina vitabu. Sina kinyongo na wachongaji, ni ndugu zangu. Ila mchongaji huyo akitoka kuchonga analala juu ya mkeka, na hakuna aliyewahi kumuuliza kausuka nani. Tofauti naijua. Kinyago hakipikiwi chakula pembeni.

Siti binti Saad aliuza vyungu kabla hajawa Siti tunayemjua, kabla ya zile sahani za santuri zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928. Shaaban Robert akamwandikia wasifu, na alifanya jambo kubwa. Lakini sikilizeni tunavyosimulia sisi: vyungu vinatajwa kama sehemu ya umaskini, dhiki aliyoipita ili aifikie sanaa. Labda mikono iliyojua udongo ilijua jambo ambalo sauti ilikuja kulitumia. Sijui mbona hatujiulizi.

Msimbati yenyewe haijakosa waandishi, tusidanganyane. Kulikuwa na Mwingereza, Latham Leslie-Moore, aliyejichimbia pale na mwishoni mwa miaka ya 1950 akaitangaza kuwa nchi yake huru. Kioja hicho kimepata kurasa. Halafu ikaja gesi. Iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, na mwaka 2015 bomba la zaidi ya kilomita 500 likaanza kuipeleka Dar es Salaam; nasi waandishi wa habari tukashuka kwa makundi, mimi nikiwemo, na kalamu zetu. Nililala kwa mama mkubwa. Nikala kwake, chakula kilichopikwa kwa kuni na vifuu vya nazi, nikaandika kuhusu nishati. Nilikalia habari nyingine, na wala sikutazama chini.

Basi tufanyeje? Sitaki tamasha la mikeka, tafadhali, wala tuzo yenye jina la kifumbu. Nataka mambo madogo yanayouma mfukoni na kwenye kalamu. Anayeandaa hafla ya vitabu akitaka mkeka, aununue kama anavyonunua maji ya chupa ya wazungumzaji, na jina la aliyeusuka liingie kwenye ratiba kama mwenyewe ataridhia. Walimu wa fasihi, siku mnayofundisha msuko, leteni ukili darasani, na kama hamjui kuusuka mwiteni anayejua, mumlipe kama mnavyomlipa mgeni yeyote mwenye digrii. Na wahakiki wenzangu, kabla hujaandika kwamba msuko wa fulani umelegea, uwe umewahi walau kufumua pima moja.

Mama mkubwa nilimsomea rasimu ya makala hii kwa simu. Alicheka pale kwenye nyoka aliyeshiba. Nikamuuliza kama niandike jina lake, nikiwa tayari nimejiandaa kuona fahari ya kumrudishia haki yake.

"Jina la nini, mwanangu? Waje wanipigie simu usiku, wakiniuliza mambo ya gesi? Jina liache. Andika bei."

Haya, mama. Tano kwa sita, ukindu mtupu, rangi uchague mwenyewe: shilingi 45,000. Ule wenye matundu ya misumari ameutoa ukili uliotoboka akashonea mwingine mwekundu, unaonekana kabisa, na hauzi. Nauli ya mzigo kutoka Mtwara ni juu ya mnunuzi.