Mwenye macho haambiwi tazama, ila mtambo wa angani

Meli ikiingia Kilindini, rubani wa bandari hupanda, boti huivuta na kamba hutupwa gatini. Angani hakuna kamba. Vyombo viwili vinavyoizunguka dunia kwa kasi ya kilomita 28,000 kwa saa hutakiwa vigusane polepole kuliko mtu anavyotembea, na mara nyingi hakuna mkono wa binadamu. Kazi hiyo huachiwa vihisi vya mwanga, ndiyo macho ya mtambo. Wengi huyasifu macho hayo. Mimi nasema tuitazame kwanza akili inayoyasikiliza.

Chukua mfano wa DART, chombo cha NASA kilichorushwa 15 Aprili 2005 kwenda kuikaribia setilaiti iitwayo MUBLCOM bila kuongozwa na mtu. Jicho lake lilikuwa hodari. Lilimulika leza za mawimbi mawili kwenye vioo vidogo vya setilaiti ile, navyo vilirudisha wimbi moja tu. Kompyuta ikilinganisha picha mbili, mng'aro mwingine wote hufutika, zikabaki nukta za vioo. Kwa mpangilio wa nukta hizo hujulikana umbali na mwelekeo.

Lakini kabla jicho kutumika kikamilifu, chombo kilitakiwa kipite mahali maalumu, kikiongozwa na hesabu za GPS. Hesabu zilikuwa na kasoro, kikapakosa. Jicho likabaki kutoa mwelekeo bila umbali. Kilipoigonga MUBLCOM, kompyuta yake iliamini kiko umbali wa mita 130, tena kinarudi nyuma. Na mfumo wa kuzuia ajali je? Nao ulitegemea hesabu zile zile mbovu! Kazi ya saa 24 ikakoma kabla ya saa 11, mafuta yamekwisha.

Shirika la anga la Ulaya lilijihadhari zaidi. Chombo chake cha mizigo, Jules Verne, chenye uzito wa karibu tani 20, kilijifunga kwenye kituo cha kimataifa cha anga 3 Aprili 2008, kwa mwendo wa sentimita 7 kwa sekunde. Kilikuwa na vihisi vya aina mbili: kimoja kikisoma picha ya vioo, kingine kikipima muda wa leza kwenda na kurudi. Mmoja akikosea, mwenzake yupo wa kumkanya. Tena siku chache kabla, kilifanyishwa mazoezi ya kusogea hadi mita 11, kisha kurudi nyuma.

Hapo ndipo penye funzo. Shahidi wa pili asiponukuu kwa wa kwanza, ndipo ushahidi wake una maana.

Sisi wa Pwani hatuko mbali na mambo haya. Ngomeni, karibu na Malindi, ndiko ilikorushwa setilaiti ya Uhuru mwaka 1970. Mwaka 2023 Kenya ilipata Taifa-1, ikarushiwa California. Viongozi wetu wanapozungumzia kituo cha Malindi, tusiridhike kusikia habari za kodi ya ardhi na kazi za ulinzi na udereva. Tuulize ni vijana wangapi wa Kilifi, Lamu na Mombasa watafundishwa kuandika programu za mitambo hii na kuzikagua. Bila hivyo tutabaki kuamini hesabu za wengine, hata zinapotugongesha.