Kituo cha Wageni ni Lindo Pia

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hawezi kupona kwa mgeni aliyepotea njia, aliyetapeliwa sokoni, au aliyerudi kwao akiapa kutokanyaga tena. Leo tunapenda kuzungumza nanyi, ndugu askari wa Jeshi la Ulinzi na ndugu polisi, juu ya jambo ambalo huenda likaonekana si la kambini wala la kituoni. Jambo lenyewe ni hili: je, yafaa fedha za umma zitumike kuweka vituo vya kuwapokea na kuwaelekeza watalii katika mitaa yetu? Sisi tunasema yafaa, kwa masharti. Tunasema pia kwamba mahali pema pa kuanzia ni Buyenzi.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Kituo cha wageni si nyumba ya kulala wageni, wala si jumba la fahari la kukatiwa utepe. Ni chumba kimoja au viwili vyenye ramani ukutani, orodha ya nauli na viingilio, majina ya waongoza wageni waliosajiliwa, choo safi, na watumishi wawili wanaojua lugha na wanaoijua nchi. Mgeni huingia na swali, hutoka na jibu.

Kazi hiyo leo inafanywa na nani? Mnajua jibu, maana kwa sehemu kubwa inafanywa nanyi. Mgeni anayeshuka garini na mkoba mgongoni hatafuti ofisi asiyoijua iliko. Humwendea mtu aliyevaa sare. Humwuliza polisi wa njia panda viboko wanaonekana wapi, gari la Gitega linapakia wapi, na kama jioni ni salama kutembea. Polisi huyo alifundishwa kuongoza magari na kukamata wahalifu; hakufundishwa saa za kufunguliwa makumbusho. Akijibu kwa kubahatisha, jina la nchi linaharibika. Akinyamaza, mgeni atachukuliwa na kijana wa kwanza atakayejitolea kumwongoza, na hapo ndipo mashauri yanapoanzia, yale yanayoishia katika kitabu cha taarifa mezani pa polisi yule yule.

Twachukua mfano mmoja. Kusini mwa Bujumbura, kiasi cha kilomita 12, pale Mugere, pana jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley. Wageni wengi huambiwa kwamba hapo ndipo wawili hao walipokutana mara ya kwanza. Si kweli. Walikutana Ujiji, katika Tanzania ya leo, mwaka 1871. Kisha wakapanda ziwa kwa mtumbwi, wakafika Mugere tarehe 25 Novemba mwaka huo huo na kulala siku mbili. Ukweli huo wenyewe ni mzuri wa kutosha, hauhitaji kutiwa chumvi. Mgeni aliyedanganywa Mugere akifika Ujiji ataugundua uongo, na tangu hapo hatatuamini hata tukimwambia la kweli. Jiwe halisemi, lazima awepo mtu wa kulisemea, na mtu huyo lazima alipwe.

Na kwa nini Buyenzi? Mji huu, ulipokuwa ukiitwa Usumbura, ulikua kutokana na kituo cha kijeshi cha Wajerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ukawa makao ya utawala wa Wabelgiji katika Ruanda-Urundi, na mwaka 1962, mwaka wa Uhuru, ukaitwa Bujumbura. Askari, wapagazi, mafundi na wafanyabiashara waliotoka Ujiji, Manyema na kwingineko ndio walioleta hapa Kiswahili na Uislamu. Buyenzi ndiyo nyumba ya historia hiyo. Barabara zake zimenyooka, zinaitwa kwa namba. Misikiti yake, magereji yake na soko lake la Ruvumera vinajulikana mji mzima. Soko Kuu lilipoteketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013, wachuuzi wengi waliokimbilia Ruvumera walipokelewa. Mtaa uliozoea kupokea watu hauhitaji kufundishwa ukarimu. Unahitaji kupewa chombo cha kuufanyia kazi.

Tena Buyenzi inazungumza lugha ambayo msafiri wa Dar es Salaam, Mombasa, Kigoma au Uvira anaisikia kama ya nyumbani. Tumezoea kudhani kwamba mtalii ni Mzungu tu. Tangu nchi yetu ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, jirani anayekuja kuona ngoma za Gishora, piramidi ya chanzo cha Mto Naili kule Rutovu, au ufuko wa Ziwa Tanganyika, naye ni mtalii, na fedha yake ni fedha.

Sasa tuje kwenye hoja ya fedha, maana ndiyo yenye ubishi. Wako wasemao: kama utalii una faida, basi wenye hoteli na makampuni ya safari wavigharimie vituo hivi wenyewe. Maneno hayo yana sura ya haki, lakini hayajapimwa sawasawa. Mgeni aliyeelekezwa vema hununua chai kwa mama wa Buyenzi, hupanda teksi ya kijana wa Bwiza, hulala Rohero, hula samaki pwani, kisha hulipa kiingilio Gitega, katika Makumbusho ya Taifa yaliyofunguliwa mwaka 1955. Faida imegawanyika katika mikono mingi, na hakuna hata mkono mmoja uliopata kiasi cha kutosha kulipa mshahara wa mwelekezaji. Mwenye hoteli akikifungua kituo hicho atawaelekeza wageni kwenye hoteli yake; hatumlaumu, ndiyo biashara. Jambo lenye manufaa ya wote na lisilo na mwenyewe ndilo hasa jambo la Serikali, kama vile barabara, kama vile taa za bandarini, kama vile ulinzi wenyewe. Hakuna anayesema kila mwenye duka aajiri jeshi lake.

Wako pia wasemao kwamba nchi yenye upungufu wa dawa na madawati haina haki ya kuwanunulia wageni ramani. Hoja hii tunaiheshimu, kwa kuwa inatoka kwa watu wenye uchungu. Lakini dawa hununuliwa nje, kwa fedha za kigeni, na mafuta ya magari kadhalika. Na katika miaka ya karibuni kila mmoja wetu ameona uhaba wa fedha hizo unavyoleta foleni za magari vituoni. Mgeni ni mmoja wa wachache wanaotuletea fedha hizo bila kututaka tuchimbe wala tusafirishe kitu. Kumpokea ni sehemu ya kutafuta dawa.

Majirani zetu wameliona hilo mapema. Kule Arusha, Bodi ya Utalii ya Tanzania ina ofisi ya habari katikati ya mji, ambamo wasafiri wameweza kutazama orodha ya makampuni ya safari yenye leseni kabla ya kutoa fedha zao. Hebu fikirini, ndugu polisi, orodha moja kama hiyo inazuia mashauri mangapi ya utapeli. Nchini Kenya, hoteli na mikahawa hutozwa asilimia 2 ya mapato kwa ajili ya Mfuko wa Utalii, hivyo anayefaidika na mgeni hurudisha kidogo kwenye kapu la wote. Kenya, Uganda na Tanzania zote zina polisi waliopewa kazi maalumu ya utalii. Kuiga jema si aibu.

Tuliwaambia kwamba jambo hili lawahusu, na sasa tunalifikia. Vita vilivyoanza mwaka 1993 vilifukuza wageni kabla ya kufukuza kitu kingine chochote, na baada ya Makubaliano ya Arusha ya mwaka 2000 iliwachukua miaka mingi kurudi. Misukosuko ya mwaka 2015 iliwatawanya tena. Askari wetu waliokwenda Somalia kuanzia mwaka 2007 waliiona Mogadishu, mji wa kale wa pwani uliokuwa na kila sababu ya kutembelewa, umefungwa na bunduki. Hakuna ajuaye kuliko askari kwamba mgeni ni kipimo cha amani. Atembeapo bila hofu, hiyo ni taarifa ya usalama iliyo bora kuliko hotuba.

Lakini kipimo hicho chaweza kuharibiwa na jambo dogo. Chukua suala la picha. Mgeni anapiga picha bila kujua kwamba nyuma ya ukuta ule pana kambi. Askari wa zamu, akitimiza wajibu wake, anamzuia. Lugha hawaelewani, sauti zinapanda, na katika kupanda huko hutokea mwenye sare mmoja asiye mwaminifu akaomba chai ili mambo yaishe. Hapo taifa limepoteza mara mbili: limepoteza mgeni, na limepoteza heshima ya sare. Kituo cha wageni kingempa mtu huyo karatasi moja, siku ya kwanza, inayosema mahali gani hapapigwi picha, ruhusa inaombwa kwa nani, na kwamba malipo yoyote halali hutolewa risiti. Karatasi hiyo inamlinda mgeni, na inamlinda zaidi askari mwaminifu, ambaye ndiye aliye wengi. Ndiyo maana tunakiita kituo hicho lindo.

Masharti yetu ni matatu. La kwanza, fedha ziende kwa watu kabla ya kuta. Tunataka bajeti ya mishahara, umeme na uchapishaji ya miaka kadhaa iwekwe kwanza, hata kama kituo kitaanzia katika chumba cha jengo la umma lililopo. Maana jengo jipya lisilo na mtumishi huwa ghala la popo. La pili, watumishi wachaguliwe kwa ujuzi, na vijana wa Buyenzi wenye Kirundi, Kiswahili na Kifaransa au Kiingereza wapewe nafasi ya kushindana kwa haki. La tatu, hesabu zibandikwe mlangoni kila mwezi: kiasi kilichoingia, kiasi kilichotoka, wageni waliofika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kituo kitakachoshindwa kuonyesha hesabu zake kifungwe, nasi tutakuwa wa kwanza kusema kifungwe.

Kwenu, ndugu askari na polisi, ombi letu halingoji bajeti. Mjue mji mnaoulinda. Mjue njia ya Mugere na habari yake ya kweli, mjue delta ya Rusizi na hatari ya mamba wake, mjue kwamba ngoma zetu za kifalme ziliandikwa na UNESCO mwaka 2014 katika urithi wa binadamu wote. Msipojua, semeni hamjui, kisha mwelekezeni mgeni kwa anayejua. Anayeuliza njia msimfanye mtuhumiwa, na anayekosea msimfanye mradi.

Kwa wale wanaopanga matumizi ya umma, tunasema hivi: nchi inayomlipa askari alinde mlango haina budi kumlipa pia mtu wa kusema karibu. Wawili hao wanafanya kazi moja. Buyenzi iko tayari, na chumba kimoja kinatosha kuanzia.